Maji ya mabwawa ya majitaka kwenye bustani za Dodoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukizunguka pembezoni mwa Dodoma mwezi wa Septemba, ardhi yote imekuwa na rangi ya tofali. Halafu ghafla unakutana na kipande cha kijani kibichi. Kifuate, na mara nyingi kitakufikisha kwenye korongo, kwenye chemba inayofurika, au kwenye mfereji unaotoka mabwawa ya majitaka. Mchicha wa hapo unaliwa mjini jioni ileile.

Kazi yangu ni ugani wa kilimo cha bustani. Maswali yaliyo hapa nimeulizwa na wakulima, akina mama wauza mboga, wapangaji na wenyeviti wa mitaa, na nimeyajibu hapa kama ninavyoyajibu kwa mdomo. Msimamo wangu nautaja mapema ili usipoteze muda kuutafuta: maji haya ni mali, na mji mkavu kama huu haupaswi kuyaacha yapotee. Hatari yake naiona kubwa zaidi pale yanapotumika kwa kujificha, bila mtu wa kuyapima wala wa kumweleza mkulima afanye nini.

Majitaka yaliyotibiwa ni kitu gani? Si yaleyale ya chooni?

Yametoka chooni, jikoni na bafuni, ndiyo. Lakini kati ya choo na mfereji wa mwisho kuna safari. Hapa Dodoma njia iliyozoeleka ni mabwawa, kama yale ya Swaswa. Maji hupita kwenye bwawa moja hadi jingine, polepole, kwa siku nyingi.

Bwawa la kwanza huwa na kina cha mita 2 hadi 5. Humo hakuna hewa. Uchafu mzito unazama chini na kuozeshwa na bakteria, na ndipo harufu kali inapotokea. La pili lina kina cha mita 1 hadi 2. Linageuka kijani kwa mwani, na mwani huo mchana hutoa oksijeni inayowapa nguvu bakteria wanaokula uchafu uliobaki. Mabwawa ya mwisho yana kina kifupi zaidi, mita 1 hadi 1.5, na kazi yake ni kuua vijidudu. Jua linapenya, mwani unapandisha pH (kipimo cha uasidi wa maji) hadi kupita 9 nyakati za mchana, na bakteria wa kinyesi hawastahimili hali hiyo. Mayai ya minyoo hayafi kirahisi namna hiyo, ila ni mazito, kwa hiyo yanazama na kubaki kwenye tope.

Hakuna umeme wala dawa katika hayo yote, kinachofanya kazi ni jua na muda. Ndiyo sababu bwawa lililojaa tope, au linalopokea maji mengi kuliko lilivyojengewa, linaharibu hesabu yote: maji yanapita haraka na vijidudu vinatoka vikiwa hai.

Dodoma ina visima vya Mzakwe. Kwa nini tuhangaike na maji ya aina hii?

Kwa sababu ya visima hivyohivyo vya Mzakwe.

Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi cha miezi saba, na jua huvuta maji mengi kuliko yaliyonyesha. Maji ya bomba kwa miaka mingi yametegemea visima virefu vya bonde la Makutupora, kaskazini mwa mji, ndivyo hivyo vya Mzakwe. Kumbukumbu za visima hivyo zinarudi nyuma hadi miaka ya 1950, na zinaonyesha jambo ambalo kila mkazi angepaswa kulijua: mvua ya kawaida haiongezi maji mengi chini ya ardhi pale. Akiba hujazwa hasa na misimu michache ya mvua kubwa kupita kiasi, kama ile ya El Niño ya 1997/98. Katikati ya misimu hiyo tunachota tu.

Sasa tazama idadi ya watu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika eneo la mji. Sensa ya 2022 ikahesabu 765,179. Serikali imehamia, mji wa serikali wa Mtumba umejengwa, chuo kikuu kina maelfu ya wanafunzi. Mtu anapochukua maji ya Mzakwe, yaliyosubiri mvua ya mwongo mzima kuingia ardhini, akamwagilia ukoka mbele ya ofisi, mimi naumia. Ukoka hauna haja ya majisafi.

Yanatosha kumwagilia kiasi gani?

Tufanye hesabu ya haraka. Kati ya maji anayotumia mtu aliyeunganishwa na mtandao wa majitaka, karibu asilimia 80 hurudi kama majitaka. Tuseme mtu anatumia lita 75 kwa siku, zinarudi 60. Bustani ya Dodoma kwenye joto kali inataka milimita 6 hivi kwa siku, yaani karibu lita 24,000 kwa eka. Maana yake watu 400 wanamwagilia eka moja, na mtaa wa watu 4,000 eka kumi, ukiacha yanayopotea kwa jua mabwawani.

Hiyo haiwezi kuulisha mji. Ila ni maji yanayotoka kila siku, Januari hadi Desemba, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa mkulima wa mkoa huu, maji yasiyokosekana Oktoba ni jambo kubwa kuliko wingi wake.

Na kumbuka neno "aliyeunganishwa". Kaya nyingi za Dodoma bado zinatumia vyoo vya shimo na mashimo ya majitaka, na maji yao hayafiki mabwawani kabisa.

Nikila mboga zilizomwagiliwa maji haya nitaugua?

Inategemea mambo matatu: maji yametibiwa kiasi gani, yamefika kwenye mboga kwa njia gani, na wewe umeila vipi. Magonjwa tunayoyaogopa ni ya kuhara, taifodi, kipindupindu na minyoo. Minyoo naitaja kwa mkazo kwa sababu mayai ya minyoo duara yanaweza kukaa hai kwenye udongo kwa miezi mingi, wakati bakteria wengi juani hufa ndani ya siku chache.

Shirika la Afya Duniani mwaka 1989 liliweka kipimo kwa mazao yanayoliwa mabichi: bakteria wa kinyesi wasizidi 1,000 katika mililita 100 za maji, na yai la minyoo lisizidi moja kwa lita. Mwaka 2006 likabadili mtazamo. Likasema nchi nyingi haziwezi kuyasafisha maji hadi huko kwenye mtambo peke yake, kwa hiyo vizuizi viwekwe njia nzima, toka bwawani hadi sahani. Mimi naona mwongozo huo ulitungwa kwa ajili ya miji kama wetu.

Vizuizi vyenyewe ni hivi. Ukimwagilia kwa matone zao fupi, unapunguza vijidudu kama mara 100. Zao refu ambalo tunda lake haligusi udongo, kama mara 10,000. Ukiacha kumwagilia kabla ya kuvuna, kila siku ya jua inapunguza tena, pengine mara tatu, pengine mara mia, kutegemea joto na zao. Kuosha kwa majisafi kunapunguza mara 10. Kumenya, mara 100. Kupika kunapunguza mara milioni na zaidi.

Kwa hiyo mchicha uliochemka vizuri, au mlenda uliotokota kwenye chungu, haunitishi. Kinachonitisha ni kachumbari. Nyanya iliyookotwa chini na kotimiri iliyonyunyiziwa maji asubuhi hiyo vinakatwa na kuliwa vibichi, bila kupita kwenye moto hata kidogo.

Nitaijuaje mboga ya maji haya nikiwa soko la Majengo au Sabasaba?

Hutaijua. Inapendeza kuliko nyingine, kwa kweli. Osha kila kitu kwa maji yanayotiririka, pika cha kupikwa, menya cha kumenywa. Na usiikubali mboga iliyosuuzwa mferejini "ing'ae". Hapo ndipo vijidudu vinaporudishwa baada ya jua kuviua, na nimeshaona watu wakifanya hivyo kwa nia njema kabisa.

Maji yakifaulu kipimo cha taifa, si basi ni salama kwa bustani?

Kiwango cha TZS 860 kinahusu kuyatoa majitaka kwenye mazingira. Kinataka BOD (oksijeni ambayo bakteria wanahitaji kuozesha uchafu uliomo) isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (oksijeni ya kuuunguza uchafu huo kwa kemikali) isizidi 60, na jumla ya bakteria wa jamii ya kolifomu wasizidi 10,000 katika mililita 100. Kiliwekwa ili mto usife. Hakikuwekwa kwa ajili ya mtu anayekula saladi, na hakikutungwa kujibu swali la mkulima kuhusu chumvi itakayobaki kwenye udongo wake. Kwa hiyo usiposoma zaidi ya "yamefaulu", hujasoma vya kutosha. Uliza pia mayai ya minyoo, kolifomu za kinyesi na kiwango cha chumvi.

Bwana shamba, nina robo eka karibu na mabwawa. Nilime nini?

Kama unaniuliza mimi, anza na visivyoliwa. Vitalu vya miche ya miti ni biashara nzuri mjini hapa, kwa sababu kila mwenye kiwanja kipya anatafuta kivuli, na miche hunywa maji haya bila shida yoyote. Maua na ukoka wa kuuza pia.

Cha pili ni malisho. Mabingobingo yanastawi sana kwa maji haya na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanayanunua kiangazi chote. Acha kumwagilia wiki mbili kabla ya kukata, yakaushe juani, ndipo umpe mnyama. Ng'ombe anayechungwa kwenye majani mabichi yaliyolowa majitaka anaweza kupata mayai ya tegu, na tegu huyo akarudi kwetu kupitia nyama isiyoiva.

Cha tatu ni mazao marefu na yanayopikwa au kukaushwa: mahindi, mtama, alizeti, ndizi. Miembe na mipapai inafaa, ila acha maji wiki mbili kabla ya kuchuma na usiuze tunda lililoanguka chini.

Zabibu? Watu wananiuliza kila mara, kwa sababu Dodoma bila zabibu si Dodoma. Mzabibu uko juu ya waya, shada haligusi udongo, na tunda la mvinyo linapita kwenye uchachishaji. Kwa upande wa vijidudu ni zao zuri, mradi maji yapite chini, kwa matone au kwenye kisahani cha shina. Tatizo lake ni mawili mengine, naitrojeni na chumvi, na nimeyaeleza hapa chini.

Saladi, karoti, kotimiri, vitunguu vya majani: achana navyo. Najua ndivyo vyenye bei.

Mchicha tukiacha kuumwagilia siku tano unanyauka na mteja anaukataa. Tufanyeje?

Hili ndilo swali la haki kuliko yote, na aliyeniuliza kwanza ni mama mmoja aliyekuwa na majaruba sita na watoto wa shule watatu. Mwongozo wa vitabuni unamwambia asubiri. Njaa inamwambia avune. Tulichokubaliana naye ni hiki: siku mbili za mwisho anamwagilia kwa maji ya kisima tu, ndoo chache kwa jaruba, chini kwenye shina. Mchicha haunyauki, na jua limepata siku mbili za kufanya kazi yake. Si kinga kamili. Lakini ameweza kulifuata kwa miezi mingi, na ushauri unaofuatwa una faida kuliko ule ulio bora zaidi unaobaki kwenye karatasi.

Akipata nafasi ya ziada, achimbe kishimo shambani na kuyatuliza maji siku moja au mbili kabla ya kuyachota, bila kukoroga tope. Mayai ya minyoo yatazama. Na amwagie kwenye udongo, asinyunyizie juu ya majani.

Ni kweli hayahitaji mbolea?

Kwa sehemu kubwa ni kweli. Tuseme maji yana miligramu 20 za naitrojeni kwa lita, ambayo ni gramu 20 kwa kila lita 1,000. Eka inayokunywa lita 24,000 kwa siku inapewa gramu 480 za naitrojeni kila siku. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni. Kwa hiyo baada ya siku 48 umemwaga mfuko mzima wa urea kwenye eka hiyo, bure, bila kujua.

Hapo ndipo watu wanapoharibu. Wanaendelea na mbolea ileile ya zamani, halafu wanashangaa nyanya imekuwa msitu usio na matunda. Mzabibu nao unatoa majani mengi mno, unachelewa kuiva, na sukari inapungua. Kabla ya kununua mfuko wa mbolea, leta maji na udongo vipimwe. Mbolea ya kukuzia huenda usiihitaji kabisa.

Kuna mashamba yamekuwa na ukoko mweupe. Ni dawa za kufulia?

Ni chumvi, na sabuni ni sehemu tu ya chanzo. Maji ya ardhini ya Dodoma tangu mwanzo yana chumvi. Anayetumia kisima cha mtaani anaijua ladha yake. Nyumbani tunaongeza chumvi ya chakula, mkojo na sabuni. Mabwawani jua linavuta maji na kuacha chumvi. Kisha mkulima anamwagilia kidogokidogo, maji yanapanda tena hewani, na chumvi inabaki juu ya udongo. Mabwawa hayaondoi chumvi hata chembe.

Shirika la Chakula na Kilimo Duniani linapima hivi: chini ya 0.7 desisimenzi kwa mita (chumvi hupimwa kwa jinsi maji yanavyopitisha umeme), mwagilia utakavyo. Kati ya 0.7 na 3, kuwa mwangalifu. Zaidi ya 3, ni hatari kwa mazao mengi. Maharage, karoti na vitunguu huumia mapema. Nyanya na zabibu zinavumilia kiasi. Mtama unavumilia zaidi, nao ni wa kwetu.

Dawa yake ni maji mengi mara moja badala ya kidogo kila siku, ili yasukume chumvi chini ya mizizi, na mfereji wa kuyatoa. Udongo wa kichanga unasaidia; udongo mweusi wa mbuga unakataa, na huko mimi humshauri mtu asianze kabisa. Kama sodiamu ndiyo imezidi na udongo umefunga hadi maji yanasimama juu, jasi hurekebisha, na haiko mbali: inachimbwa Itigi, mkoani Singida. Usiibebe kabla ya kupima udongo.

Mabomba ya matone yanaziba kila wiki.

Ni mwani. Weka chujio la mchanga kabla ya laini, vuta maji kutoka chini kidogo ya uso wa bwawa, na fungua ncha za laini uzisafishe kila wiki. Kama huna uwezo huo, tumia mifereji na matuta.

Anayefanya kazi shambani ajikinge vipi?

Mtu anayeugua kwanza ni mkulima, kabla ya mlaji, na watoto wake wanaocheza mferejini. Buti za mpira, glovu, sabuni pembeni mwa shamba, na kutokula miwa wala karanga huku mikono imelowa. Safura huingia kwa nyayo, kandambili hazizuii. Kunyweni dawa ya minyoo kwa ushauri wa zahanati, familia nzima kwa pamoja. Mwenye kidonda mguuni apumzike.

Mbu je?

Wanazaliana kwenye majani ya kingo na kwenye madimbwi yaliyosimama. Kata majani, sawazisha shamba, usiache maji yalale. Bwawa lenye kingo safi lina mbu wachache kuliko dimbwi la nyuma ya nyumba.

Gari la kunyonya choo linaweza kunimwagia shambani? Dereva amekubali.

Hapana. Kilichomo kwenye gari hilo hakijatibiwa, kina uchafu mkali kuliko majitaka ya mtandao na kimejaa mayai ya minyoo. Liende kwenye mabwawa. Anayekuuzia tripu hiyo anakuuzia ugonjwa wa watoto wako.

Na maji ya gereji na viwanda?

Mabwawa yameundwa kwa kinyesi na mabaki ya chakula. Risasi ya betri, kromiamu ya kuchakata ngozi na mafuta machafu ya injini hayaozeshwi na bakteria. Sehemu inazama kwenye tope, sehemu inafika shambani, na mboga za majani ndizo zinazoibeba vizuri. Kuiondoa baadaye ni karibu haiwezekani, kwa hiyo pa kuizuia ni kwenye chemba ya gereji. Mji unaokua viwanda huku ukitegemea mabwawa lazima uwe mkali hapa kuliko mahali pengine popote.

Waislamu wanauliza: maji haya si najisi?

Mimi si mwanachuoni, na kila mtu amwulize shehe wake. Naweza kusema kwamba mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu wa Saudi Arabia liliamua kuwa majitaka yakitibiwa vizuri mpaka rangi, ladha na harufu ya najisi viondoke, huwa yametahirika, kwa sharti kwamba hayadhuru afya. Nchi yenye jangwa kubwa ililazimika kulifikiria swali hili kabla yetu.

Nahitaji kibali?

Usichepushe bomba wala kutoboa kingo za bwawa. Hilo ni kosa na linaharibu mabwawa. Maji yakiwa bado ndani ya miundombinu, mwenye dhamana ni DUWASA, mamlaka ya majisafi na usafi wa mazingira ya Dodoma. Kuyatoa kwenda kwenye mto au ardhini kunasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na Dodoma mjini tuko chini ya Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu. Mambo ya uchafuzi yanagusa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Nendeni kama kikundi kilichosajiliwa, mkiwa na ramani ya mashamba na orodha ya mazao. Mkulima mmoja mmoja hupigwa danadana. Kikundi cha watu ishirini chenye barua ya serikali ya mtaa husikilizwa.

Kwa nini wakulima wanaotumia maji haya wasifukuzwe tu?

Wamefukuzwa, wakarudi usiku. Nimeshuhudia majaruba yakifyekwa asubuhi, na wiki iliyofuata wakulima walewale wakawa wanachota maji juu zaidi, kwenye chemba inayovuja, yaani maji machafu kuliko ya mwanzo. Mlaji hakupata usalama wowote. Akina mama walipoteza msimu. Mtu anayejificha huwezi kumfundisha kuacha maji siku mbili kabla ya kuvuna, wala huwezi kumpa mtoto wake dawa ya minyoo. Ningependa kuona mashamba hayo yakipimwa, yakagawiwa kwa majina, na mazao yake yakajulikana.

Mimi niko mbali na mabwawa. Maji ya kufulia nyumbani naweza kuyatumia?

Unaweza, leo hii. Yasiwe yaliyofulia nepi, yasiwe na jiki, na usiyaweke kwenye ndoo zaidi ya siku moja, yananuka. Chimba shimo la futi tatu, jaza majani makavu na samadi, panda mgomba au mipapai ukingoni, umwage humo. Badilisha shina mara kwa mara ili chumvi ya sabuni isirundikane mahali pamoja, na mvua za Desemba zitaisukuma chini iliyobaki. Mboga za kachumbari weka upande wa pili wa ua.